Mama Divine na Mkanda wa Watu wa Upepo

Mimi nikifungua belo la mitumba sitaki mtu anisemeshe. Wenzangu wa safu ya nguo hapa soko la Kasulu wanalijua hilo. Wanasema Zuleha wa Tabora ana kichaa cha asubuhi. Sawa, ninacho. Belo unauziwa limefungwa, unamwomba Mungu, ndipo unalikata uone umepewa nini. Siku ile niliahidiwa nguo za michezo, na moyoni nilishaziona traksuti na jezi zimening'inia mpaka nje ya kibanda. Nikakata, nikavuta. Zikatoka suti za mpira, nyeusi, za kubana mwili mzima, zinanuka chumvi.

Nilitukana. Siandiki nilichosema kwa sababu mume wangu, bwana mifugo aliyetuleta huku kwa uhamisho, ni mtu wa swala tano na haya ataambiwa tu. Ila nilipona. Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa tano, baridi ya asubuhi imeshaanza kung'ata, na madereva bodaboda wa stendi wakagundua kwamba suti ile ukiivaa ndani ya koti upepo haupiti. Waliigombania. Hadi leo ukipanda bodaboda Kasulu alfajiri ukasikia dereva ananukia bahari, ujue ni mteja wangu.

Kilichobaki chini ya belo ni mikanda miwili ambayo hakuna aliyejua ni ya nini. Mmoja ulikuwa mpana, mnene kwa sponji, mgumu mgongoni, na mbele una chuma chenye kulabu. Wa pili ulikuwa na chuma na kulabu vilevile, lakini wenyewe ulikaa mithili ya kaptula: unashika makalio, halafu kuna mikanda inayopita katikati ya mapaja. Muuza nyama akasema ni vya punda. Dereva mmoja akasema ni vya kuzuia risasi. Bazilio, fundi viatu anayekaa mkabala na mimi, akasema hapana, ni vya kumnyanyulia mgonjwa. Nikavitundika mbele ya kibanda, mtu akiuliza namwambia ni mali ya Ulaya, kama humjui Mzungu pita.

Hapo ndipo alipotokea Niyonsaba.

Huyu ni mteja wangu wa siku nyingi kutoka upande wa Kibondo. Kwa kuwa binti yake wa kwanza anaitwa Divine, sisi wote tunamwita Mama Divine. Ni mama mrefu, mifupa mipana, akicheka safu nzima inageuka. Baba yake, marehemu mzee Pasikali, alikimbia kutoka Burundi na mkeka na mtoto mgongoni. Niyonsaba mwenyewe kazaliwa hapahapa, raia wa Tanzania, analima maharage, anaimba sauti ya pili kwaya ya kanisani kwao. Lakini kinachofanya watu wamgeukie mara mbili ni kwamba anapanda miti kurina asali. Mwanamke, tena wa umri wetu! Mzee Pasikali alikuwa na watoto wa kiume watatu na wote walikimbia nyuki. Huyu ndiye aliyekaa.

"Karibu Mama Divine. Umependeza lakini unatembea vibaya."

"Nimetoka Kabanga hospitali, dada Zuleha. Mgongo." Akajikalisha kwenye kigoda changu taratibu, akishika ukingo wa meza. "Wameniangalia vizuri. Wamesema nifanye mazoezi, nisibebe mizigo, nisijifunge kamba kiunoni. Nikamwuliza daktari, sasa mti nitaupandaje? Akaacha kuandika. Akasema, mti?"

Tukacheka, Bazilio naye kule kwake akacheka. Kisha nikaona macho yake hayacheki tena.

"Dada, mwaka huu nisipopanda, mti wa baba unakwenda."

Akanieleza. Kwenye kikundi chao cha warina asali wana utaratibu wa tangu zamani. Kila mti wenye mzinga una mwenyewe, na siku ya kufungua msimu mwenyewe lazima apande kwa miguu yake, kikundi kizima kikiwa chini kinamwangalia. Akishindwa msimu mmoja anavumiliwa. Akishindwa wa pili, mti anapewa mwingine. Mwaka jana Niyonsaba alifika katikati, kamba ya kiunoni ikamkata mgongo, akashuka analia. Na mti wenyewe siyo mti tu. Ni mninga ambao wanakijiji walimpa Pasikali alipofika, kabla hajapewa shamba, kabla hajapata hata sufuria. Wakamwambia tundika mzinga wako hapa. Kilikuwa kitu cha kwanza katika nchi hii watu kukiita cha Pasikali.

"Na Divine je? Si apande yeye?"

"Divine! Yule shuleni aliomba alale kitanda cha chini."

"Nani anautaka huo mti?"

"Mwenyekiti wetu, mzee Gasper. Hasemi vibaya. Anasema tu, mwanangu, pumzika, mimi nitautunza."

Mimi huyo Gasper nilimchukia palepale, bila kumwona. Ndivyo nilivyoumbwa. Nikainuka, nikautungua ule mkanda mpana, nikamtupia mapajani. "Jaribu huu. Sijui ni wa nini, lakini mgongoni umenona."

Sasa mjue wanawake wa huku, na hata kwetu Tabora, mgongo ukiuma tunafanyaje. Tunachukua kanga, tunajifunga kibwebwe, juu kabisa chini ya kifua, tunakaza mpaka pumzi inagoma, ndipo tunasema nimepata nafuu. Niyonsaba akaufunga mkanda hivyohivyo. Nikamsaidia kuvuta, goti langu limekaa kwenye makalio yake. Alipogeuka alikuwa na kiuno cha msichana na uso wa mtu anayezama.

"Unaonaje?"

"Mzuri," akasema kwa sauti ndogo.

"Mzuri wapi! Mnamwua mwenzenu!" Hiyo ilikuwa sauti ya Madam Careen. Ni mwalimu wa michezo pale chuo cha ualimu, Mtanga, mcheshi, kila Jumamosi anakuja kuchambua mitumba yangu. Alikuwa amesimama na mfuko wa nyanya, anautazama ule mkanda kama aliyekutana na ndugu yake ugenini. "Zuleha, hiki umekipata wapi? Mimi nimefunga watu hivi vitu ufukweni Paje, miaka kabla sijaenda ualimu!"

Ndipo tukaelimishwa. Kumbe huko baharini kuna watu wanasimama juu ya ubao wenye tanga, upepo unawakimbiza juu ya maji. Starehe yao hiyo, hawavui samaki wala hawaendi popote. Upepo ukivuta tanga, mikono inachoka upesi. Kwa hiyo mtu anavaa mkanda, anatia kulabu kwenye kamba ya tanga, na badala ya mikono kubeba mvuto wote, mwili ndio unaubeba.

"Mawe!" Niyonsaba akashangaa kwa Kirundi. "Basi ni kazi yangu hiyo! Mimi kule juu nataka mikono iwe huru."

"Kama ni hivyo, huo uliovaa siyo wako," Careen akasema. "Wa kiunoni ni wa mtu anayevutwa kutoka mbele, anayetaka kujigeuzageuza. Ukivutwa kutoka juu unapanda mpaka kwapani. Wako ni ule pale wa makalio. Unavuta kutoka chini, uzito unakaa mapajani, mgongo unapumzika."

Niyonsaba akaitazama ile kaptula, kisha akatazama sketi yake. "Madam, mimi ni mama wa kwaya. Hiyo sivai. Kwanza huu unanitosha."

"Umesimama, ndiyo maana unakutosha. Kila mkanda unamtosha aliyesimama. Ning'inia."

Na mimi nilisema nina kichaa. Nikapitisha kamba kwenye boriti ya kibanda, tukaitia kwenye kulabu, Bazilio akaja kushika upande wa pili. Niyonsaba akakunja miguu. Mkanda ukapanda. Ukapita mbavu, ukafika kwapani, mabega yakagusa masikio, na mama wa watu akabaki anaelea na mikono imenyooka pembeni. Soko likakusanyika. Muuza nyama aliacha mzani.

"Nishusheni!" Tukamshusha. Akakohoa, akacheka, akakohoa tena. "Haya. Leteni hiyo kaptula."

"Na kwaya?"

"Kwaya iko Kibondo."

Nikamfungia pazia la kanga, nikampa suruali ya traksuti avae chini ya kile kidude. Careen akaingia naye, nikawa nawasikia. Shusha. Shusha tena, siyo tumboni, kwenye mifupa ya nyonga. Kaza mgongoni kwanza, mapajani baadaye. Vidole viwili vinapita? Vipite viwili, siyo mkono mzima. Hapa panakukata? Pakikukata sasa, juu ya mti patakuchinja. Ule wa kwanza alimaliza kuuvaa kabla sijapiga chafya, huu ulichukua muda wa kuchemsha chai. Alipotoka, vijana walipiga mluzi, nikawatazama wakaacha.

Tukamtundika. Safari hii hakuna kilichopanda. Alikaa hewani, magoti yameinuka kidogo, mgongo umeegemea ile sponji, na mikono yake ikabaki haina kazi. Akaitazama mikono. Akachukua shati kwenye meza yangu, akalikunja vizuri, akalirudisha. Akachukua la pili.

"Unauma?" nikamwuliza.

"Hauumi." Machozi yakamlengalenga. "Dada Zuleha, hauumi kabisa."

Kwa furaha akaweka miguu kwenye nguzo kama anayepanda, akajisogeza juu kidogo. Kamba ikalegea, ikatoka kwenye kulabu yenyewe, na mama wa kwaya akaanguka pu! juu ya rundo langu la masweta.

Watu wakapiga kelele. Careen akashika kichwa. "Nimesahau kuwaambia! Kulabu iko wazi makusudi. Baharini ukianguka unataka uachane na tanga haraka."

Niyonsaba, bado amelala chali kwenye masweta, akajibu, "Mimi nikianguka sitaki kuachana na mti!"

Bazilio hakucheka na wengine. Aliichukua ile kaptula, akaigeuza ndani nje, akaisoma mishono. Akasema chuma chenye kulabu kinaweza kutoka, na mahali pake ataweka pete nene ya chuma ya kutoka kwa mafundi wa malori, ile inayofungwa kwa skrubu. Akaondoka nayo. Aliporudi waliivuta wanaume wanne upande huu na watatu ule, tukaitundikia gunia la maharage, tukalirusha na kulidaka. Pete haikusema kitu. Careen bado hakuridhika. Alimwapisha Niyonsaba kwamba mkanda ni wa kukalia tu, si wa kumdaka mtu anayeporomoka, na kwamba lazima awe na kamba ya pili imezunguka shina muda wote.

"Ego, ndiyo, madam. Hata baba alipanda na kamba mbili."

Nilitakiwa nikae Kasulu niuze nguo zangu. Lakini siku ya kufungua msimu ilipokaribia sikulala vizuri. Nilikuwa namwona akiporomoka katika kitu nilichomuuzia mimi. Mume wangu akasema nenda, utaniua kwa kugeukageuka. Nikapanda basi la Kibondo, na asubuhi iliyofuata nikawa nimesimama porini kati ya warina asali, nimevaa kofia ya wavu, naogopa kila kinachoruka.

Gasper nilimtambua bila kuonyeshwa. Mzee mwembamba, mpole, suruali imepigwa pasi hata huku porini. Nilijitayarisha kumchukia vizuri, akanivuruga kwa kuniletea kigoda. "Karibu mama, umetoka mbali." Akakiweka chini, akainuka taratibu, mkono mmoja nyuma. Wakati ule sikulitilia maanani.

Niyonsaba alitoka nyuma ya kichaka amevaa ovaroli ya nyuki, hiyo kanisa lao halina neno nayo, na juu yake ile kaptula ya bahari, ya bluu, ina maandishi ya manjano kwenye makalio. Kicheko kikalipuka.

"Mama Divine, umefungwa kama punda wa chumvi!"

"Huyo anaenda mwezini!"

Yeye akaguna tu. Akapapasa nyonga, akakaza mgongoni kwanza, mapajani baadaye, akapitisha vidole viwili. Akafunga pete. Akazungusha kamba ya pili kwenye shina. Kisha akauegemea ule mninga kwa paji la uso, akanong'ona kitu kwa Kirundi, nadhani alikuwa anamsalimia mzee wake. Akaanza.

Nitasema kweli: sikuangalia yote. Nilifumba macho mpaka katikati, pale walipoambiana kwamba mwaka jana ndipo aliposhindwa. Nikafumbua. Alikuwa amesimama pale, anapumua, na Gasper chini ameshika kamba ya ndoo, anamtazama bila kupepesa. Moyoni nikasema, Zuleha, umemdanganya mtoto wa watu kwa kaptula.

Kumbe alikuwa anapumzika tu. Akaketi. Hewani! Akaning'inia, akanyoosha miguu, akapangusa pua. Chini watu wakakodoa macho, maana hakuna mrina asali aliyewahi kuonekana katikati ya mti amekaa. Kisha akaendelea, mpaka kwenye mzinga, akaketi tena, mikono yote miwili huru, akaupuliza moshi, na tukamsikia anaimba. Sauti ya pili, peke yake, bila ya kwanza. Nyuki mmoja akaniuma sikio na sikujali.

Alipojaza ndoo aliita kutoka juu. "Baba Gasper!"

"Naam, mwanangu!"

"Mti wa Pasikali bado una mwenyewe!"

Wakapiga vigelegele, mimi nikapiga kuliko wote. Gasper akaushusha ule mzigo pole pole kwa kamba, akainama kupokea ndoo, na hapo akakwama. Aliinama na hakuinuka. Kila mtu alikuwa anatazama juu isipokuwa mimi niliyekaa chini kwenye kigoda, na Niyonsaba, ambaye kutoka kule juu anaona kila kitu. Gasper akajishika goti, akajisukuma mdogo mdogo mpaka akasimama wima, akatabasamu kwa wote. Kwa desturi yao sega la kwanza linakwenda kwa mshika kamba. Akalipokea, akanimegea mimi mgeni nusu. Nililila lile sega nikijisikia vibaya.

Niyonsaba alishuka, wakambeba. Hakusema neno juu ya alichokiona, wala mimi sikusema.

Jumamosi tatu baadaye, soko limejaa, namwona anakuja kibandani kwangu na ile kaptula begani. Nyuma yake, suruali imepigwa pasi, mzee Gasper.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Mimi nimesindikiza tu." Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Nina kijana wangu... anahitaji kitu cha namna hii. Nimekuja kumwangalizia."

"Kijana wako ana kiuno cha ukubwa gani?"

Niyonsaba akasema kwa upole, "Kama chake, dada. Sawasawa kabisa na chake."

Bazilio alikuwa ameshashona ya kwake, kwa mikanda ya viti vya malori na sponji la godoro, akiifuatisha ile ya bahari mshono kwa mshono. Akaileta. Gasper akaivaa juu, chini ya kifua, akakaza kwa nguvu zake zote. Wanaume nao ni walewale.

"Shusha, baba," Niyonsaba akamwambia. Akapiga magoti mbele yake, mama wa kwaya, akaanza kumfungulia na kumfunga upya. "Siyo tumboni. Hapa, kwenye mifupa. Mgongoni kwanza."

"Watu wanaangalia, mwanangu."

"Mimi waliniangalia nikiwa nimening'inia kwa makwapa. Kunja miguu."

Akakunja. Boriti ikalia kidogo. Mwenyekiti wa warina asali akaelea katikati ya kibanda changu, kati ya sketi na makoti, mikono imeshika kamba kwa woga. Kisha mkono mmoja ukaachia. Kisha wa pili. Nikaona mabega yake yanashuka, uso unalegea, na kitu alichokuwa amekibana miaka yote ile sijui mingapi kinamtoka.

"Ule mninga una tawi la chini," akasema taratibu, bila kumtazama mtu. "Nilijua ule bado ningeuweza. Wangu siuwezi tena. Ndiyo maana niliutaka, mwanangu."

"Nilijua, baba. Nilikuona."

Vijana walianza kusogea na kucheka, nikawatimua kwa hanga ya nguo. Bazilio akashika kamba, akaniuliza kwa macho kama tumshushe.

"Ngojeni," Gasper akasema, amefumba macho. "Msinishushe kwanza."